Neno «aleli» lilitoka wapi?

Mwalimu, Bukavu: Ndugu zangu, jana nilipoandika ubaoni A na a, alama za aleli, yaani maumbo tofauti ya jeni moja ya urithi, mwanafunzi mmoja wa Kadutu aliniuliza asili ya neno «aleli», nami nikabaki na chaki mkononi.

Jibu: Mwalimu, ni ufupisho wa «alelomofu», neno ambalo wanasayansi wa urithi William Bateson na Edith Saunders walilibuni Uingereza mwaka 1902 kutokana na Kigiriki: allelon ni «mmoja kwa mwenzake», morphe ni umbo.

Jibu jingine: Yaani ile -ana yetu ya kupendana! Ila maana imepita wawili, kwani makundi ya damu ya ABO yana aleli kuu tatu, ingawa kila mtu hubeba mbili tu.

Mwalimu: Aksanti sana. Kesho nitaanza na hiyo -ana.