Tupeane uzoefu: ulimwambiaje bosi kwamba na wewe unataka kupanda cheo?

Wakuu, habari za jioni. Niko kampuni ya kusambaza vinywaji hapa Dar, mwaka wa 5 sasa. Msimamizi wa ghala alipoacha kazi, mkubwa akaniita: "Shika kwanza hapo, tutaona." Nikashika miezi 14. Funguo kwangu, hesabu ya mwisho wa mwezi kwangu, lawama za kreti zilizopotea kwangu, mshahara ule ule wa karani. Wiki iliyopita kaletwa kijana kutoka nje, nikaagizwa nimfundishe kazi. Kuuliza, najibiwa: "Wewe hukuwahi kusema unaitaka." Ni kweli sikusema. Nilidhani wanaona. Nyie wenzangu mliongeaje, na ikawaje?

Mhasibu, Arusha
Pole sana mkuu. Mimi nilizibwa kwa sifa. Nilikuwa nasomea CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba. Kila nikiomba ruhusa, bosi anasema, "Wewe ndiyo tegemeo langu, mwezi huu usiniache." Nikivimba kichwa, naahirisha. Mara tatu! Mwaka uliofuata nikamfuata Januari, kabla ratiba ya likizo haijapangwa: "Mama, Mei sitakuwepo siku hizi, hizi hapa kazi zangu na huyu ndiye atakayezishika." Akasaini hata bila kuniuliza swali. Kumbe zamani nilikuwa namwendea zikiwa zimebaki wiki mbili, na yeye keshamwahidi mkurugenzi ripoti.

Mtumishi wa halmashauri
Sisi serikalini, enzi za OPRAS, ule utaratibu wa zamani wa kupima utendaji wa mtumishi, fomu tulijaza kwa kukimbizana mwisho wa mwaka. Sasa kuna PEPMIS, kazi inaingizwa kwenye mfumo na msimamizi anaidhinisha. Nikipewa kazi ya ziada namjibu kwa upole, "Sawa mkuu, naiingiza uidhinishe." Nusu ya hizo kazi zimepata mtu mwingine, ha ha.

Mdau, Mbeya
Sijui mnaongelea mabosi wa wapi. Mimi nilisema, nikaonekana nataka kiti chake. Haukuisha mwezi nikahamishwa mkoa.

Mhasibu, Arusha
Ulimwambia mkiwa wawili?

Mdau, Mbeya
Kwenye kikao. Nilikuwa nimekasirika.

Meneja wa tawi la benki
Naomba niseme ya upande wa pili, msinirushie mawe. Wengi huja kwangu siku mwenzao amepandishwa, wakati jina limeshatoka. Mmoja alikuja mapema, akaniambia, "Bosi, ndani ya miaka miwili nataka nisimamie mikopo. Nimepungukiwa nini?" Nikamwambia bila kumficha: mahesabu ya biashara ya mteja huyajui, wateja unawaogopa. Kila robo mwaka alikuwa anarudi kuniuliza amefika wapi. Nafasi ilipotoka sikuwa na mtu mwingine wa kumfikiria.

Na niwape siri. Mtu anayefanya kazi nzuri mno hapo alipo, tunaogopa kumtoa. Nani ataziba pengo? Ukiwa na mtu uliyemfundisha, umenipunguzia kisingizio.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Morogoro
Mleta mada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15: unapoanza kazi mwajiri anakupa maelezo ya kazi kwa maandishi. Yakibadilika, anapaswa kushauriana nawe, ayarekebishe na kukujulisha kwa maandishi. "Shika kwanza hapo" siyo maandishi. Ila sikushauri ukimbilie CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kesho asubuhi. Jioni ile ile ungemwandikia barua pepe ya mistari mitatu: kama tulivyozungumza leo, nimeanza kusimamia ghala, naomba tukae baada ya miezi mitatu tuzungumzie cheo na malipo. Asipojibu, wewe umeshaandika. Hata sasa hujachelewa, andika ya hiyo miezi 14, tarehe kwa tarehe.

Mleta mada
Asanteni, nimesoma zote. Barua pepe nimeshaiandika, naogopa kubonyeza tu. Swali moja: huyu kijana niendelee kumfundisha? Yeye hana kosa, na ananiita kaka.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Morogoro
Mfundishe. Lakini ghala mkabidhiane kwa kuhesabu, kreti kwa kreti, wote wawili mtie saini na nakala moja ibaki kwako. Tena kabla hujaituma hiyo barua pepe.