Naomba ushauri: wateja wangu Chake Chake hawaitaki lipa namba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina duka la vyakula hapa Chake Chake, tangu Ramadhani nimebandika lipa namba (namba ya duka ya kulipia kwa simu) mlangoni. Vijana wanalipa bila ya tabu. Wazee wananambia, "Mwanangu, pesa nnayoishika ndiyo yangu." Wengine hawajazisahau tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilizoanza Julai 2021.

Kisha siku moja mtandao ulikatika, bi mmoja keshakatwa pesa, ujumbe wa malipo ukanifikia usiku. Sasa hapiti hata barazani kwangu!

Naona tatizo khasa ni imani, maana simu wanazo, japo za batani. Je, niwapunguzie bei kidogo wanaolipa kwa simu, au nitafute mzee wanayemuamini aanze yeye? Na makato ya kutoa pesa nyinyi mnayabeba vipi?