Chama chetu kimeombwa pesa za "kupasua miamba" Turkana. Nani anaijua kazi hii?

MwekaHazina_Kayole
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14 hapa Kayole. Tuna shilingi 310,000 benki, nyingi zimetoka kwenye mboga na mitumba. Jumapili kijana mmoja alitujia na kompyuta, akatuonyesha video ya Texas, malori na mitambo mpaka upeo wa macho. Anasema teknolojia hiyo ndiyo iliyoamsha mafuta ya Marekani, na kampuni yao inaipeleka Turkana kwa kuwa "mafuta ya kule yamekwama ndani ya mwamba". Kila mmoja atoe 20,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti ameshawishika. Mimi nataka kwanza kuelewa: mafuta yanatokaje kwenye jiwe? Na ya Turkana ni ya aina hiyo?

LoriLaMchanga
Mama, msitoe hata ndururu kabla hujasoma haya. Niliendesha lori la mchanga magharibi mwa Texas miaka minne, kutoka machimbo ya Kermit hadi visimani upande wa Pecos, kabla sijarudi Donholm. Niliyobeba ndiyo haya.

Shale ni tope la kale lililokandamizwa mpaka likawa jiwe. Mafuta yamo ndani, lakini kwenye vitundu vidogo mno ambavyo havina njia ya kupitishiana. Ukichimba kisima cha kwenda chini tu, utapata kidogo sana. Kwa hiyo wanashuka kilomita mbili tatu, kisha wanakikunja kisima polepole mpaka kilale, wakitembea ndani ya tabaka lile lile hata kilomita 3. Halafu wanaanzia mwisho wa bomba: wanalitoboa kwa baruti ndogo, wanasukuma maji kwa nguvu mpaka mwamba unapasuka, wanaziba kipande hicho, wanarudi nyuma kwenye kipande kingine. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vipande zaidi ya 40.

Mchanga wangu ulikuwa wa nini? Ukiacha kusukuma, ufa unajifunga. Chembe za mchanga hubaki humo zikiushikilia wazi, kama kijiti unachokiweka mlangoni. Ni laini kama sukari, nilikuwa naukung'uta kwenye soksi kila usiku. Nilibeba kama tani 22 kwa safari, na kisima kirefu humeza maelfu ya tani. Tulipanga foleni usiku kucha, pampu zikinguruma mpaka kikombe cha chai kinatetemeka kwenye dashibodi. Maji ndiyo usiseme: lita milioni 40 na zaidi kwa kisima kimoja.

Haikuanza jana. Kupasua kwa maji kulijaribiwa Kansas mwaka 1947. Mzee George Mitchell, mwenye kampuni ya gesi, alihangaika na shale ya Barnett karibu na Fort Worth, Texas, miaka mingi, akitafuta gesi, mpaka mwaka 1998 hivi wahandisi wake walipoacha ute mzito wakatumia maji mengi yenye dawa kidogo ya kuyatelezesha. Wengine wakaunganisha njia hiyo na visima vya kulala, wakaipeleka kwenye miamba yenye mafuta: Bakken kule North Dakota, Eagle Ford kule Texas, na Permian, huko huko nilikoendesha lori. Marekani ikatoka mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008 hadi zaidi ya milioni 12 mwaka 2019. Hapo huyo kijana hakudanganya.

Ila hakuwaambia kwamba kisima cha shale hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake mwaka wa kwanza. Lazima uchimbe kingine, na kingine, bila kupumzika. Hiyo si kazi ya elfu ishirini ishirini.

Na sasa jibu lako hasa. Mafuta ya Lokichar huko Turkana, yale yaliyopatikana kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, yamo kwenye mwamba wa mchanga. Shale ya huko ndiyo iliyoyapika, kisha yakahamia kwenye mchanga. Hayajakwama. Muulizeni: kisima gani, mwamba gani, kina gani, kibali cha nani?

MwanaLokichar
Ndugu wa lori amesema kweli. Nilikuwa kibarua kwenye kambi ya mafuta Lokichar, mafuta hayo nimeyashika kwa mkono. Shida yake ni nta. Yakiwa moto yanatiririka vizuri. Yakipoa kwenye chupa yanaganda kama mafuta ya kopo, unaipindua chupa na hayadondoki. Ndiyo maana yale yaliyopelekwa Mombasa kwa malori yalisafirishwa kwenye matangi ya kuhifadhi joto, mpaka meli ya kwanza ikaondoka Agosti 2019. Bomba la kwenda Lamu likijengwa litahitaji kupashwa moto njia nzima.

Na hizo lita milioni 40 za maji huyo kijana atazitoa wapi? Dada yangu anaamka saa kumi alfajiri kufukua mchanga wa lagga, yaani mto uliokauka, apate mtungi mmoja wa maji.

MwekaHazina_Kayole
Nimewasomea wenzangu majibu yote kwa sauti, mara mbili. Kijana alikuja jana, nikamuuliza: mwamba gani? Akasema atatuma karatasi. Nikauliza maji, akafunga kompyuta. Pesa ziko benki. Wawili bado wanataka kutoa, mmoja ni mwenyekiti. Ndugu LoriLaMchanga, tunakutana Jumapili saa nane. Unaweza kuja?

LoriLaMchanga
Nitakuja. Nina chupa ya ule mchanga nyumbani, nitaibeba waushike.