Nimepewa binti wa miaka 13 nimlee, haya mambo ya mwili namwambiaje?

MamaLikoni: Asalaam aleikum jamani. Mwezi wa tatu huu nakaa na binti nimepewa na ofisi ya watoto nimlee, si damu yangu. Juzi nageuza godoro nikakuta vipande vya leso vimekunjwa vidogo vidogo vina madoa yamekauka, kumbe ashavunja ungo kitambo na hajasema. Pedi ziko bafuni wazi kabisa ila hazigusi. Nikamuuliza akainama tu akawa anakwangua kucha. Wangu wa kuzaa wote wavulana, na mimi zamani niliitiwa somo, yule mwanamke wa kumfunda mwari, mama hakutamka neno. Sasa huyu somo wake nani?

bint_kisauni: Dada mi nimekulia makao ya watoto mpaka miaka 18. Hagusi kwa sababu hajaambiwa ni zake. Sisi tulikuwa tunahesabiwa pedi, zikiisha mapema ukajieleze mbele ya wenzio wote. Mpe pakiti yake mkononi, aweke kabatini kwake. Na hayo mengine usidhani ashaambiwa, matroni alidhani tumeambiwa shule, shule wakadhani matroni, mimba inaingiaje nilielezwa na msichana mwenzangu fom tuu na alikuwa amekosea 😂

abu_tudor: Miaka 13 mnamfungua macho bure. Mpeleke madrasa basi.

bint_kisauni: @abu_tudor kwanza umeuliza kama ni Muislamu? Na hata huko madrasa hedhi na josho vinafundishwa, tena bila aibu.

nesi_mtaani: Mama usimkalishe kama kikao cha kesi. Ongeeni mkono uko kazini, mnakuna nazi hivi, hamtazamani. Leo hedhi, siku nyingine mwambie mwili ni wake, hata wewe ukimkumbatia na hataki aseme hataki. Mtoto aliyehamishwa nyumba tatu nne pengine alishaguswa vibaya kwa hivyo usimchimbe, akisema mwenyewe msikilize usipige yowe. Na Mungu aepushe, likitokea la kubakwa ni hospitali mbio, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita, asioge kwanza na nguo zisifuliwe, halafu 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure kupiga. P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba, pia aijue kabla hajaisikia kwa marafiki, ile ni ya mimba tu, ukimwi na kaswende haizuii ng'o. Lingine, chanjo ya HPV ya saratani ya mlango wa kizazi imekuja Kenya 2019, wasichana huanza kudungwa wakiwa na miaka 10, ila hawa wa kuhamahama kadi hupotea, muulize ofisa wake kama alidungwa.

abu_tudor: Hiyo ya 116 sikuijua, shukran.

bint_kisauni: Na hao wavulana wako pia wafundishe, ati pedi ni pedi si kitu cha kumchekea.

MamaLikoni: Pakiti nimempa jana, kaichukua kimya. Leo tunapaa samaki akaniuliza ati mtu akiogelea Shelly siku hizo, maji ya bahari yanamwingia? Nimecheka karibu nijikate kidole. Tumekaa jikoni hapo mpaka samaki wakaungua.