Tupeane uzoefu: mtoto njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) ameruhusiwa kutoka wodini, nyumbani mnamtunzaje?

Mwanzisha uzi
Karatasi ya ruhusa huandikwa "aendelee na kangaruu, kliniki baada ya wiki moja," basi. (Kangaruu ni kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi.) Leteni yaliyobaki: vipimo, kiasi, kinachokosewa na sababu yake. Simulizi za leba tuziweke kando. Ili hesabu zieleweke, mtoto wetu wa mfano ana kilo 1.7, ananyonya kidogo, mengine anapewa kwa kikombe.

Kanga Mbili
Nianze na joto, maana bila hilo maziwa mtakayoyahesabu yataishia kupasha mwili tu. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Akipoa, anateketeza chakula chake badala ya kukua.

Abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande. Mfunge kwa kanga ikaze, ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Kosa la hatari ni kidevu kuzama kifuani: njia ya hewa inaziba, na mama anadhani mtoto kalala fofofo. Kichwa kiinuke kidogo, lakini kisipinde nyuma.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2022, linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama hawezi peke yake, kwa hiyo baba na bibi washike zamu. Kifua cha baba kinapasha vilevile. Usiku aliyembeba aegemee mito, asilale chali kabisa. Mtoto mwenyewe atawaambia imetosha: akikaribia kilo 2.5 huanza kufurukuta na kuchomoa mikono.

Kipimajoto kiwekwe kwapani: 36.5 hadi 37.5. Kama hakipo, gusa tumbo na nyayo. Tumbo lina joto, nyayo baridi: ameanza kupoa. Vyote baridi: amechelewa kufunikwa.

Bibi Mkunga
Hapo kwenye joto niongeze, wanangu: jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kama mvua inanyesha na madirisha yamefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu. Chupa ya maji ya moto nayo huunguza ngozi hii laini. Kumwogesha kila siku si lazima. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, sehemu moja moja, ukikausha papo hapo.

Mkamuaji
Maziwa. Kadiria mililita 160 kwa kila kilo kwa siku: 1.7 × 160 = 272. Ukilisha kila baada ya saa 3 ni mara 8, yaani 34 kila mara. Akishindwa kiasi hicho na kutapika, lisha kila baada ya saa 2, mililita 23 hivi. Usiku usisubiri alie; njiti hulala huku ana njaa.

Kikombe: awe macho, ameketishwa nusu wima. Ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu mdomoni, ayalambe mwenyewe. Ukimimina atapaliwa, na maziwa yakiingia mapafuni ni nimonia. Zikipita dakika 30 acha, amechoka. Yaliyolowesha nguo yatoe kwenye hesabu! Chupa mimi siipendi: chuchu yake ni ngumu kusafisha.

Yaliyokamuliwa hukaa nje muda wa saa 4 kama joto halizidi nyuzi 25. Dar ya Januari si hiyo, yaweke kwenye friji, siku 4 zisipite. Yapashe kwa kuzamisha kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, kamwe si juu ya jiko.

Mama Mizani
Hesabu ya Mkamuaji ni sawa, lakini wengine hulisha hivyo na uzito haupandi. Lengo ni gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Huyu wetu apate karibu gramu 180 kwa wiki, akipimwa bila nguo kwenye mzani uleule. Asipofika, kagua kwanza saa za kangaruu. Kisha angalia maziwa: ya mwanzo ni mepesi, mafuta yapo ya mwisho. Kama maziwa ni mengi, kamua ya mwanzo pembeni, mpe ya mwisho. Maji, glukosi na dawa ya tumbo vinajaza nafasi ya maziwa tu.

Dawa na Tarehe
Madini ya chuma: miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, kuanzia wiki ya 2 hadi miezi 6. Matone na sharubati havilingani nguvu, kwa hiyo mfamasia akupe kiasi kwa mililita, upime kwa bomba la sindano, si kijiko cha chai. Kila akiongezeka uzito dozi ihesabiwe upya.

Aliyezaliwa chini ya wiki 32 au kilo 1.5 apimwe ndani ya macho kufikia wiki ya 4 tangu kuzaliwa. Mishipa ya retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho) huharibika huku jicho likionekana zuri kabisa. Chanjo zifuate tarehe ya kuzaliwa. Kwa kukaa na kutambaa, toeni kwenye umri wake wiki alizowahi kuzaliwa.

Zamu ya Usiku
Njiti hupumua kwa kusitasita, sekunde 5 hadi 10, kisha anaendelea. Sekunde 20, au midomo kuwa ya bluu, si kawaida: msugue mgongo au nyayo, kisha hospitali hata akizinduka. Nendeni pia akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabuni dakika nzima, ametulia), mbavu zikiingia ndani, akikataa kula, akiwa mlegevu, akipata degedege, akiwa wa manjano hadi viganjani na nyayoni, au joto likipita 37.5 au likibaki chini ya 36.5 baada ya saa moja ya kangaruu.

Njiani abaki kifuani, kofia kichwani, koti juu yenu wote wawili. Wengi humfunga blanketi na kumbeba mikononi kwenye bodaboda, wanafika wodini akiwa na tatizo la pili: baridi.