Ruzuku ya umeme wa jamii: inunue mitambo au igharimie maandalizi?

Mleta mada

Wadau, naweka hoja mezani, na najua itawaudhi baadhi. Ruzuku za miradi ya nishati jadidifu inayomilikiwa na jamii zinamwagwa mahali pasipo na kiu. Mfadhili anapenda kununua kitu cha kupigia picha: paneli, tabo (mashine inayozungushwa na maji au upepo kuzalisha umeme), betri. Lakini miradi mingi ya jamii inakufa kabla paneli hazijaagizwa. Inafia kwenye ile miaka miwili mitatu ya kupima upepo au maji ya mto, kufanya upembuzi yakinifu, kufuatilia kibali cha mazingira, kuelewana na wenye ardhi, kusajili ushirika, na kusubiri shirika la umeme liseme kama gridi ina nafasi.

Fedha za hatua hiyo benki haitoi. Hakuna cha kuweka rehani, na kazi yote inaweza kuishia kwenye "hapana" ya ofisi moja. Kampuni kubwa ikikwama inaandika hasara na kuhamia eneo jingine, maana ina maeneo kumi. Kijiji kina mto mmoja.

Scotland walilitambua hili. Kupitia mpango wao wa CARES, kikundi kilikopeshwa fedha za maandalizi bila dhamana. Mradi ulipofikia hatua ya kujengwa, mkopo ulirudishwa na riba. Uliponyimwa kibali, deni lilifutwa. Kilichorudi kilimsaidia mwingine. England nao mwaka 2023 walitenga pauni milioni 10 kwa vikundi vilivyo katika hatua hizo za mwanzo.

Basi napendekeza ruzuku yote iende kwenye maandalizi. Mitambo inunuliwe kwa hisa za wanachama na mikopo. Mtu aliyetoa chake hulala na jicho moja wazi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hizo hisa zitanunuliwa na nani? Unaongea kama kila jamii ina watu wenye akiba benki. Ukiweka sharti la hisa, umiliki wa jamii unageuka umiliki wa wenye nazo ndani ya jamii, na wengine wanabaki wateja kama walivyokuwa.

Tena hoja kwamba kilichotolewa bure hakitunzwi inapwaya. Tazama kisiwa cha Eigg, huko huko Scotland ulikokimbilia. Watu wasiofika hata mia mbili walikuwa wanaungurumisha jenereta za dizeli, kila nyumba na yake. Mwaka 2008 wakawasha gridi yao wenyewe inayochanganya maji, upepo na jua. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 1.6, na sehemu kubwa ilikuwa ruzuku. Je, walizembea? Walikubaliana kila nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja, biashara isizidi 10, na matengenezo wakayafanya wenyeji. Kilichowafunga pamoja hakikuwa hisa. Walikuwa wameshakinunua kisiwa chenyewe mwaka 1997, wakajifunza kuamua mambo pamoja kabla umeme haujafika.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnagombania ndoo wakati kisima kiko kwingine. Swali ni umeme utauzwa kwa nani na kwa bei gani.

Samsø, Denmark, ilishinda shindano la serikali mwaka 1997 la kuwa kisiwa cha nishati jadidifu. Ushindi ule haukuja na fungu la kujengea mitambo. Hata hivyo wakasimamisha mitambo 11 ya upepo nchi kavu na 10 baharini, mingine ya wakulima, mingine ya ushirika, mingine ya manispaa. Walithubutu kwa sababu bei ya kuuzia umeme ilikuwa imehakikishwa, kwa hiyo benki ikaona mapato. Nje ya bandari ya Copenhagen, mitambo 20 ya Middelgrunden ilianza kazi mwaka 2000, na nusu yake ilikuwa mikononi mwa ushirika wenye maelfu ya wanachama. Ujerumani nao, mwaka huo huo wa 2000, walipitisha sheria ya bei iliyohakikishwa kwa miaka 20.

Uingereza ilianza bei ya namna hiyo mwaka 2010 na kuufunga mlango kwa miradi mipya mwaka 2019. Ulizeni vikundi vya huko vilivyojikuta na michoro mizuri isiyojilipa. Kugharimia maandalizi pasipo soko ni kupika pilau ya harusi isiyo na bwana harusi.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nimekaa kwenye kamati ya mradi wa namna hii. Tulipewa ruzuku ya maandalizi, kama anavyotaka mleta mada. Karibu yote ililipa mshauri mwelekezi aliyekuja siku nne, akatuachia ripoti nene katika lugha ambayo nusu ya kamati haisomi. Andiko lilitakiwa ndani ya wiki sita, tungempata nani mwingine? Mto upo, ripoti ipo, umeme haupo.

Mchangiaji wa nne

Fundi hapa, nitasema moja tu. Tabo ya maji ikitunzwa inafanya kazi miongo. Betri za madini ya risasi zinachoka ndani ya miaka michache, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) nayo ina siku zake. Ruzuku inanunua seti ya kwanza. Ya pili hakuna anayeiongelea siku ya uzinduzi. Bei ikipangwa kuwafurahisha watu badala ya kuweka akiba ya betri, giza linarudi na paneli zikiwa bado zinang'aa juu ya paa.

Mleta mada

Nimewasoma. Kwa Eigg nakubali nilikaza kamba kupita kiasi: pasipo na mtaji, ruzuku inunue mitambo, na mchango wa mwanachama uwe nguvu kazi au malipo kidogo kidogo kupitia bili. Wa pili, bei unayoisema ni kweli, ila inaamuliwa bungeni, na gridi ndogo ya kijiji isiyouza umeme nje haiisubiri. Hapo maandalizi bado ndiyo mlango.

Wa tatu kanigusa pabaya zaidi. Fedha hizo zingeingia akaunti ya kikundi, mshauri alipwe kwa vipande na kipande cha mwisho kisitoke hadi kamati ielewe ripoti na kuikubali, nisingekuwa na wasiwasi nazo. Tatizo ni kwamba mfadhili naye anataka ripoti hiyo imalizike ndani ya mwaka wake wa bajeti, na mto hauwezi kupimwa sawasawa bila kuona kiangazi na masika.

Sasa nauliza, hasa kwa fundi: nani anajua kikundi kilichobadilisha betri zake zote kwa akiba yake chenyewe? Kilipangaje bei?