Mjadala: Virusi vipya vikitangazwa, Mombasa ilinde bandari kwanza au ianzie majumbani?

Mtoa mada, Mji wa Kale:

Tangu korona, kila habari ya mkurupuko wa virusi, kama ile ya Ebola nchini Uganda na ya Marburg mkoani Kagera, Tanzania, mnamo Januari 2025, huzua hapa kwetu dai lile lile: vipimajoto virudi kivukoni Likoni, abiria wote wa uwanja wa ndege wa Moi wapimwe, na mabaharia wasishuke melini. Nashikilia kwamba dai hilo hutuliza nyoyo zaidi kuliko linavyokinga miili, na kwamba fedha chache za afya ya umma zianze kwenye maji tunayoweka majumbani.

Kipimajoto humwona aliyekwisha kushikwa na homa. Virusi vya Ebola vyaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, kwa hiyo mgonjwa wa kesho hupita leo akiwa mzima, na anayezuiliwa mara nyingi ni mwenye malaria au aliyetembea juani.

Virusi vinavyotulaza kitandani kwa hakika havingoji meli. Homa ya dengi ilienea Mombasa mwaka 2013 na tena 2021. Chikungunya ilitukamata mwishoni mwa 2017 ikaendelea hadi 2018, na wako waliobaki na maumivu ya viungo kwa miezi. Zote mbili huenezwa na Aedes aegypti, mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana na kuzaliana katika maji safi yaliyotuama. Sisi ndio tunaomfuga: mfereji ukikauka wiki nzima, tunanunua mitungi ya mkokoteni, tunajaza pipa, kisha tunalifunika kwa kipande cha mbao kisichofika ukingoni. Kumwaga maji hayo hakutoshi, kwa sababu mayai hushikamana na ukuta wa pipa juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri lijazwe tena. Ni lazima pipa lisuguliwe kwa brashi. Nani amewahi kusikia haya yakitangazwa mitaani kwa kipaza sauti kama tulivyotangaziwa barakoa?

Mchangiaji, mfanyakazi wa bandarini:

Ndugu yangu, shukran kwa mada, ila umekuwa mwepesi mno wa kuliacha lango wazi. Mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, aliyetangazwa 31 Julai 2024, alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda, na aligunduliwa katika kituo cha mpakani Taveta, si hospitalini. Bandari yetu huhudumia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Malori yanayoondoka Changamwe hurudi Changamwe, na madereva hulala, hula na kuchanganyika na watu njia nzima. Huyo mbu wako anaumiza, sikatai, lakini hajawahi kutufungia mji. Virusi vya kuambukizana kwa pumzi vilitufungia kaunti kuanzia 8 Aprili 2020 hadi Julai, na hoteli za Nyali na Bamburi zikawarudisha watu makwao bila mishahara. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sioni kosa lake.

Mchangiaji, mhudumu wa afya ya jamii, Kisauni:

Kaka zangu, mnabishania mahali pa kuweka vifaa, hali mgonjwa mwenyewe hataki kujulikana. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa, wengi hawakujitokeza kupimwa, na hofu yao haikuwa ya kipuuzi: katika wiki za kwanza za janga, waliowekwa karantini ya lazima walidaiwa gharama zake. Hadi leo nikibisha mlango na kuuliza nani ana homa, kwanza naulizwa kama nimekuja kumchukua mtu. Matokeo yake ni kwamba mwenye homa huenda duka la dawa, akapewa dawa ya malaria na ya maumivu bila kupimwa lolote. Na kama ni dengi, aspirini na ibuprofeni humwongezea hatari ya kutokwa damu. Bila uaminifu huo kurejea, mtawakagua wasafiri na mapipa, na ugonjwa utafichwa uvunguni.

Mtoa mada:

Dada wa Kisauni amenigusa palipo na uzito kuliko nilipogusa mimi. Kwa mwenzetu wa bandarini, nakubali kwamba madereva wawe na kituo cha afya kwenye njia yao, penye mtaalamu anayevijua vipele vya mpox na uwezo wa kupeleka sampuli maabara upesi, tena kwa siri na bila malipo. Ninachokataa ni foleni ya Likoni. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, abiria walisongamana pale wakatawanywa kwa gesi ya kutoa machozi. Tulitaka watu wasikaribiane, tukawabana pamoja, wakikohoa na kufuta machozi kwa mikono mitupu.

Basi nawauliza nyote: ikiwa kaunti ina fedha za jambo moja tu kabla ya mvua za masika, iwe ni kituo cha madereva Changamwe, mifuniko ya mapipa na maji ya uhakika, au wahudumu zaidi wa kuingia majumbani, mngechagua lipi? Naomba dada wa Kisauni atangulie kujibu, kwa kuwa ndiye anayebisha milango.